Miaka 90 ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, 1936–2026

Utangulizi

Mwaka 2026 Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, inayojulikana kimataifa kwa kifupisho cha UVRI na yenye makao yake Entebbe kando ya Ziwa Viktoria, inatimiza miaka 90 tangu kuanzishwa kwake. Katika muda huo jina lake limebadilishwa mara mbili, na usimamizi wake umetoka kwa wakfu wa Marekani ukaenda kwa vyombo vya pamoja vya Afrika Mashariki na hatimaye kwa Serikali ya Uganda, ilhali kazi yake ya msingi imebaki ileile: kuchukua sampuli za binadamu, wanyama na wadudu, kuzichunguza maabarani, na kuziarifu serikali ni ugonjwa gani unaotembea kabla haujawa janga.

Taasisi hii iliundwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu, yaani homa ya manjano, lakini ikapata sifa duniani kwa virusi ambavyo haikuwa imetumwa kuvitafuta, vikiwemo vya West Nile, Semliki na Zika. Kurasa zinazofuata zinaeleza kwamba matokeo hayo yalitokana na desturi mbili zilizojengwa tangu miaka ya mwanzo, nazo ni kuangalia mahali pamoja kwa muda mrefu, na kuandika na kutunza kila kilichoonekana, hata pale maana yake ilipokuwa bado haijajulikana.

Haja iliyoizaa taasisi, 1900–1936

Homa ya manjano husababishwa na kirusi kinachosambazwa na mbu. Kwa wagonjwa wengi huanza na homa, maumivu ya kichwa na ya mgongo, kisha hupoa. Kwa wachache hurudi kwa ukali, ikashambulia ini na figo, ikageuza macho na ngozi kuwa ya manjano na kusababisha kutokwa na damu, na sehemu kubwa ya wanaofikia hatua hiyo hufariki. Mpaka leo haina dawa ya kuiponya, na kinga yake kubwa ni chanjo. Carlos Finlay, daktari wa Cuba, alitoa hoja mwaka 1881 kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu, na kamisheni ya jeshi la Marekani iliyoongozwa na Walter Reed ikaithibitisha hoja hiyo huko Cuba mwaka 1900, kwa gharama iliyojumuisha maisha ya mmoja wa wanachama wake, Jesse Lazear.

Wakfu wa Rockefeller, shirika la hisani la Marekani lililokuwa na idara mahususi ya afya ya kimataifa, uliendeleza kazi hiyo Amerika ya Kusini na baadaye Afrika ya Magharibi, ambako mwaka 1925 ulianzisha kituo cha utafiti Lagos. Mwezi Juni 1927 Alexander Mahaffy, daktari aliyetumwa na kituo hicho, alichukua damu ya mgonjwa mmoja aliyeitwa Asibi katika kijiji cha Kpeve, Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Damu hiyo ilipodungwa kwa kima aina ya rhesus waliotoka Bara Hindi, kima hao waliugua, na kwa mara ya kwanza watafiti wakapata mnyama wa maabara ambaye ugonjwa ungeweza kuchunguzwa ndani yake. Gharama ya hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwani mtafiti Adrian Stokes alifariki kwa homa ya manjano mwaka huohuo wa 1927, na watafiti wenzake Hideyo Noguchi na William Young wakamfuata mwezi Mei 1928 wakiwa Accra.

Mwaka 1930 Max Theiler alionyesha kwamba panya weupe wa maabara nao huambukizwa kirusi hicho kinapodungwa katika ubongo wao, na ugunduzi huo ukazaa kipimo kilichobadilisha ramani ya ugonjwa. Seramu, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, ya mtu anayepimwa huchanganywa na kirusi, kisha mchanganyiko hudungwa kwa panya. Panya akipona, hiyo ni dalili kwamba seramu ina kingamwili, ambazo ni protini zinazotengenezwa na mwili baada ya kupambana na ugonjwa na kubaki katika damu kwa miaka mingi. Kwa njia hiyo ikawezekana kujua kwamba homa ya manjano ilipita mahali fulani, hata kama hakuna daktari aliyewahi kuiona hapo.

Uchunguzi wa damu ulioendeshwa na Wilbur Sawyer na wenzake, ambao matokeo yake kwa Afrika ya Kaskazini, Mashariki na Kusini yalichapishwa mwaka 1936, ulionyesha kwamba kinga dhidi ya homa ya manjano ilikuwepo katika miili ya watu wa Sudan na Uganda, maeneo ambayo hayakuwa na kumbukumbu ya mlipuko wowote. Habari hiyo ilizishtua serikali kwa sababu ya jambo jipya la wakati huo, yaani usafiri wa ndege. Tangu mwaka 1932 ndege za abiria zilifuata njia ya Cairo hadi Cape Town kupitia Uganda, Kenya na Tanganyika, na ikawa rahisi kwa mtu au mbu mwenye maambukizi kufika mji mwingine kabla dalili hazijaonekana. Hofu kubwa ilielekezwa Bara Hindi, ambako mbu aina ya *Aedes aegypti*, msambazaji mkuu wa ugonjwa huo mijini, alikuwa amejaa, na wakazi hawakuwa na kinga yoyote. Mkataba wa kimataifa wa afya katika usafiri wa anga uliotiwa saini The Hague mwaka 1933 uliweka masharti ya kuzuia jambo hilo, lakini masharti hayo yasingetekelezeka bila kujua ugonjwa uko wapi, na hapo ndipo haja ya kuwa na maabara ya kudumu Afrika Mashariki ilipojitokeza.

Kuanzishwa na miaka ya mwanzo, 1936–1941

Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano ilianzishwa Entebbe mwaka 1936 kwa ushirikiano wa Wakfu wa Rockefeller na Serikali ya Uganda. Ilipewa majengo yaliyokuwa ya utafiti wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o ambao mwanzoni mwa karne uliua watu zaidi ya laki mbili katika mwambao wa ziwa na visiwa vyake, na ambao tayari ulikuwa umeifanya Entebbe kuwa kituo cha sayansi ya tiba. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Mahaffy, yuleyule aliyechukua damu ya Asibi miaka tisa kabla.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima damu za wananchi wa wilaya mbalimbali na kutafuta wagonjwa wa homa zisizojulikana. Ugumu wake ulikuwa katika asili ya swali lenyewe, kwa kuwa kipimo cha panya kilisema kwamba ugonjwa ulipita, ilhali hospitali na zahanati hazikuwa na mgonjwa hata mmoja wa kuonyesha. Watafiti walisafiri na vifaa vyao hadi vijijini, wakachukua damu ya kila aliyekuwa na homa, wakairudisha Entebbe na kuidunga kwa panya. Mwaka 1937, katika uchunguzi huo, damu ya mwanamke mmoja wa Omogo katika wilaya ya West Nile ilitoa kirusi ambacho hakikuwa cha homa ya manjano wala cha ugonjwa mwingine uliojulikana. Kikaelezwa kitaalamu mwaka 1940 na kupewa jina la wilaya hiyo. Miaka 62 baada ya kupatikana kwake, kirusi hicho kilizuka New York na kuenea Marekani yote, na maelezo ya msingi yaliyorejewa yalikuwa yale yaliyoandikwa Entebbe. Mwaka huohuo wa 1937 kirusi kingine kipya kilipatikana kwa wagonjwa wa Bwamba, kaunti iliyoko magharibi ya milima ya Rwenzori kwenye mpaka wa Kongo.

Mwaka 1940 homa ya manjano yenyewe ilijitokeza wazi katika milima ya Nuba nchini Sudan, ambako watu wapatao 15,000 waliugua na takriban 1,500 wakafariki. Wataalamu wa Entebbe walishirikiana na wenzao wa Sudan kukitenga kirusi hicho, yaani kukipata kikiwa hai na kukitofautisha na vingine vyote. Mwaka uliofuata, 1941, kirusi cha homa ya manjano kilitengwa kwa mara ya kwanza nchini Uganda kutoka kwa mgonjwa wa Bwamba, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1942. Hivyo, baada ya miaka mitano ya kutafuta, dalili iliyoonyeshwa na panya ilipata uthibitisho, na swali likawa ni kwa nini ugonjwa uliopo miaka yote hauonekani.

Bwamba na mzunguko wa msituni, 1941–1949

Jibu la swali hilo ndilo mchango mkubwa zaidi wa taasisi kwa elimu ya homa ya manjano, na lilipatikana kwa kuunganisha fani tatu zilizokuwa zikifanywa kila moja peke yake, yaani elimu ya virusi, elimu ya wadudu na elimu ya wanyamapori. Kenneth Smithburn alisimamia maabara, na mtaalamu wa wadudu kutoka Scotland, Alexander Haddow, aliyejiunga na taasisi mwaka 1942, alifanya kazi ya msituni akiwa pamoja na John Gillett na wenzake.

Utaratibu walioubuni ulikuwa wa saa 24. Majukwaa ya mbao yalijengwa juu ya miti ya msitu wa mvua kwa vimo tofauti, kuanzia chini hadi kwenye vilele, na juu ya kila jukwaa walikaa wakamataji waliowanasa mbu katika vichupa vya kioo kadiri walivyotua kwenye ngozi zao. Hesabu ya kila saa na ya kila kimo iliandikwa peke yake, usiku na mchana, kwa miezi mingi. Kutokana na hesabu hizo ilidhihirika kwamba mbu aina ya *Aedes africanus* huuma zaidi juu ya vilele vya miti, na kwa wingi mkubwa katika muda mfupi baada ya jua kutua, wakati ambao kima wamekwisha kupanda huko kulala. Damu za kima na mbega wa msitu huo zilipopimwa zilikutwa na kingamwili za homa ya manjano kwa wingi, ingawa wanyama wenyewe hawakuonekana kuugua.

Kipande kilichobaki kilikuwa njia ya ugonjwa kutoka vileleni hadi kwa mkulima. Kima wa mkia mwekundu hushuka kutoka msituni kwenda kuiba ndizi mashambani. Katika migomba hiyohiyo huzaliana mbu wa aina nyingine, *Aedes simpsoni*, ambaye huhitaji tu maji kidogo yanayotuama katika kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina. Mbu huyo humuuma kima aliyekuja na kirusi, kisha humuuma mwenye shamba. Kwa maelezo haya ilieleweka kwa nini watu wachachewachache waliambukizwa mwaka baada ya mwaka bila mlipuko, na kwa nini kuua mbu wa mijini, mbinu iliyokuwa imefaulu Cuba, kusingetosha kuufuta ugonjwa Afrika. Baadaye mtaalamu wa wadudu wa Uganda, Louis Mukwaya, alionyesha kwamba ndani ya kundi lililoitwa *Aedes simpsoni* kulikuwa na mbu wanaopenda kuuma binadamu na wengine wasiowauma, na kwa kazi yake tofauti za hatari kati ya eneo na eneo zikapata maelezo.

Kazi ya Bwamba ilileta virusi vingine kadhaa. Kirusi cha msitu wa Semliki kilitengwa mwaka 1942 kutoka kwa mbu, na baadaye kikawa chombo muhimu cha maabara ulimwenguni cha kuchunguzia namna virusi vinavyoingia ndani ya seli. Kile cha Bunyamwera kilifuata mwaka 1943, na leo jamii kubwa ya virusi inaitwa kwa jina hilo. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930 na unaoua ndama na wanakondoo na kuambukiza wafugaji, kilipatikana kwa mbu wa Uganda magharibi mwaka 1944. Smithburn alikipitisha mara nyingi katika ubongo wa panya mpaka kikapungua ukali, na matokeo yake yakawa chanjo ya mifugo yenye jina lake ambayo imeendelea kutumika Afrika kwa miongo mingi.

Msitu wa Zika, 1947–1948

Msitu wa Zika, ulioko kando ya barabara ya Entebbe kwenda Kampala, ulichaguliwa kwa utafiti wa homa ya manjano kwa sababu ulikuwa karibu na maabara na ulikuwa na *Aedes africanus* wengi. Majukwaa sita yalijengwa mitini na juu yake wakawekwa kima wa rhesus wakiwa vizimbani kama wanyama wa tahadhari, yaani wanyama wasio na kinga ambao homa yao ingetangaza kuwepo kwa kirusi, na joto la mwili wa kila mmoja lilipimwa na kuandikwa kila siku. Mwezi Aprili 1947 joto la kima namba 766 lilipanda hadi kukaribia nyuzi 40. Alirudishwa maabarani, damu yake ikachukuliwa, na seramu ikadungwa katika ubongo wa panya. Siku ya kumi panya wote waliodungwa kwa njia hiyo walikutwa wagonjwa. Vipimo vilipoonyesha kwamba haikuwa homa ya manjano, sampuli ilihifadhiwa kwa uchunguzi zaidi. Mwezi Januari 1948 kirusi hichohicho kilipatikana katika kundi la *Aedes africanus* 86 walionaswa katika msitu uleule, na hivyo mnyama na mbu wakaunganishwa.

George Dick, Stuart Kitchen na Haddow walichapisha maelezo ya kirusi cha Zika mwaka 1952. Kwa zaidi ya nusu karne maelezo hayo yalisomwa na wataalamu wachache, mpaka pale Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza mwezi Februari 2016 kwamba watoto waliozaliwa na vichwa vidogo Brazil, pamoja na matatizo mengine ya neva yaliyohusishwa na Zika, ni dharura ya afya ya kimataifa.

Chombo cha Afrika Mashariki, 1950–1977

Mwaka 1950 Wakfu wa Rockefeller ulikuwa umekwisha kujiondoa, na taasisi ikawa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoendesha huduma za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilipewa jina la Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki, na wigo wake ukapanuliwa kutoka homa ya manjano hadi virusi vyote vyenye madhara kwa watu wa eneo hilo. Haddow aliiongoza kuanzia mwaka 1953 hadi 1965.

Jukumu hilo jipya lilijaribiwa mapema. Kuanzia mwaka 1952 ugonjwa wa homa kali na maumivu makubwa ya viungo ulienea Newala, kusini mwa Tanganyika, ukawalaza watu wa vijiji vizima. Wataalamu wa Entebbe walikwenda huko, wakachukua damu za wagonjwa na mbu wa majumbani, na mwaka 1953 R. W. Ross akakitenga kirusi cha chikungunya, ambacho tangu hapo kimefika pwani ya Kenya, visiwa vya Bahari ya Hindi, Asia na Amerika. Mwaka 1959 ugonjwa unaofanana nao, o'nyong-nyong, ulizuka kaskazini mwa Uganda na kuenea Kenya na Tanganyika hadi kukadiriwa kuwapata watu milioni mbili, na maabara ikabaini kwamba kirusi chake, tofauti na vya jamii yake, huenezwa na mbu wa *Anopheles*, walewale wanaoeneza malaria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mnara wa chuma wenye kimo cha futi 120, sawa na mita 36 na ushei, ulisimamishwa katika msitu wa Zika ili mbu wanaswe kwa vimo sita tofauti kwa wakati mmoja, na ukawa alama ya taasisi. Katika kipindi hicho pia Haddow alimsaidia Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, kulinganisha ramani ya saratani ya taya za watoto na ile ya joto na mvua, kazi iliyochochea utafutaji wa kirusi kinachohusika na saratani hiyo.

Taasisi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1967, na kuvunjika kwa Jumuiya hiyo mwaka 1977 kukaifanya kuwa mali ya Uganda chini ya Wizara ya Afya, ikiwa na jina lake la sasa.

Taasisi ya taifa na mapambano ya UKIMWI, 1977–2000

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kuliko yote. Michango ya nchi jirani ilikatika, uchumi wa Uganda uliporomoka, na vita vya 1979 pamoja na machafuko yaliyofuata vilipunguza wataalamu na vifaa. Waliobaki walilinda majengo, kumbukumbu na sampuli, na kwa uvumilivu wao taasisi ilikuwa na mahali pa kuanzia pale nchi ilipokabiliwa na UKIMWI katika miaka ya 1980.

Mwaka 1988, kwa ombi la Serikali ya Uganda, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianzisha mpango wa pamoja na taasisi, na mwaka 1989 ufuatiliaji wa vijiji 15 vya Kyamulibwa, wilaya ya Masaka ya wakati huo, vyenye wakazi wapatao 10,000, ukaanza. Watu walewale walitembelewa na kupimwa mwaka hadi mwaka, na kutokana na kumbukumbu hizo ikapatikana picha ya kuaminika ya namna maambukizi yalivyopanda na kushuka kijijini. Mbinu ya Bwamba, yaani kukaa mahali pamoja na kuhesabu bila kuchoka, ilihamishwa hapo kutoka kwa mbu na kima ikaletwa kwa jamii ya watu. Mwaka 2018 kitengo hicho cha pamoja kilijiunga na Chuo cha Usafi na Tiba ya Kitropiki cha London.

Huduma za karne ya 21

Mwaka 2007 mlipuko wa homa ya kutokwa na damu ulitokea Bundibugyo, wilaya ambayo ndiyo Bwamba ya zamani, na kirusi chake kikathibitishwa kuwa aina mpya ya Ebola. Wakati huo sampuli zililazimika kupelekwa Atlanta, Marekani. Mwaka 2010 taasisi, kwa ushirikiano na Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani (CDC), ilianzisha Entebbe maabara maalumu ya homa hizo, na milipuko ya Ebola ya 2012 ikathibitishwa nchini. Mwezi Septemba 2022 maabara hiyo ndiyo iliyotambua Ebola aina ya Sudan huko Mubende, na Uganda ikatangaza mwisho wa mlipuko tarehe 11 Januari 2023. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, aliyetangazwa mwezi Machi 2020, alithibitishwa Entebbe pia, taasisi ikiwa chini ya uongozi wa Pontiano Kaleebu.

Homa ya manjano haikusahauliwa. Taasisi ni maabara ya rejea ya kikanda ya ugonjwa huo katika mtandao wa WHO, maana yake ni kwamba sampuli zenye utata kutoka nchi jirani huletwa kwake kwa uthibitisho. Ilishiriki kuutambua mlipuko wa kaskazini mwa Uganda wa mwishoni mwa 2010, na mwaka 2016, wakati Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilipokuwa katika janga kubwa, ilithibitisha wagonjwa wa Masaka, Rukungiri na Kalangala, ambao uchunguzi ulionyesha kuwa hawakuhusiana na janga la Angola. Mwaka 2022 Uganda iliingiza chanjo ya homa ya manjano katika ratiba ya kawaida ya watoto. Chanjo hiyo, iitwayo 17D, ilitengenezwa na Theiler na wenzake mwaka 1937 kutokana na kirusi cha Asibi.

Barua, shajara na madaftari

Historia hii inaweza kuandikwa kwa sababu wahusika wake waliandika. Wakfu wa Rockefeller uliwataka maofisa wake watunze shajara za kazi na kutuma barua na taarifa makao makuu, na nyaraka hizo sasa ziko katika kituo cha nyaraka cha wakfu huo huko Sleepy Hollow, jimbo la New York. Nyaraka za Haddow zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Mfano mwingine wa thamani ya hifadhi kama hizo uko katika Chuo Kikuu cha Virginia, ambako kuna barua na kumbukumbu za kamisheni ya Reed zilizokusanywa na Philip Hench, daktari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi nyingine kabisa, na ambaye kwa miaka mingi aliwatafuta walionusurika na jamaa zao ili kujua nani alifanya nini Cuba.

Makala ya kitaalamu hutoa matokeo yaliyokwisha kupangwa, ilhali barua na daftari huonyesha mpangilio wa siku hadi siku, ukiwemo ushahidi ambao mwandishi hakujua wakati huo kwamba utahitajika. Hesabu za mbu za Zika zinaweza kulinganishwa leo na msitu uliopungua. Joto la kima namba 766 lina maana kwa sababu joto la siku zilizotangulia liliandikwa pia. Nyaraka hizo zina mapungufu yake, kwani ziko mbali na Entebbe kuliko zilivyo mbali na London au New York, na Waganda waliokaa juu ya majukwaa usiku kucha, waliowalisha kima na panya, waliowaendesha watafiti na kuwatafsiria vijijini, mara chache majina yao yaliingia katika orodha ya waandishi wa makala. Maadhimisho haya yanawataja kwa kazi zao: wakamataji mbu, watunza wanyama, madereva, wakalimani, makarani na mafundi sanifu wa maabara.

Awamu za usimamizi

| Kipindi | Jina la taasisi | Msimamizi |
|---|---|---|
| 1936–1949 | Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano | Wakfu wa Rockefeller pamoja na Serikali ya Uganda |
| 1950–1977 | Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki | Vyombo vya pamoja vya Afrika Mashariki |
| 1977 hadi sasa | Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda | Serikali ya Uganda |

Matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1936 | Taasisi yaanzishwa Entebbe; Mahaffy awa mkurugenzi |
| 1937 | Kirusi cha West Nile chatengwa |
| 1940 | Mlipuko wa homa ya manjano milima ya Nuba, Sudan |
| 1941 | Kirusi cha homa ya manjano chatengwa Bwamba |
| 1942 | Kirusi cha msitu wa Semliki chatengwa |
| 1947 | Kirusi cha Zika chatengwa kwa kima namba 766 |
| 1950 | Taasisi yawa ya Afrika Mashariki |
| 1953 | Kirusi cha chikungunya chatengwa kutoka Newala |
| 1959 | Mlipuko wa o'nyong-nyong |
| 1977 | Taasisi yawa ya taifa la Uganda |
| 1988 | Mpango wa pamoja wa utafiti wa UKIMWI waanza |
| 2010 | Maabara ya homa za kutokwa na damu yaanzishwa |
| 2016 | Homa ya manjano yathibitishwa Masaka, Rukungiri na Kalangala |
| 2022 | Ebola aina ya Sudan yatambuliwa Mubende |

Wajibu wa miaka ijayo

Mkakati wa dunia wa kukomesha milipuko ya homa ya manjano ulipangiwa miaka ya 2017 hadi 2026, na mwaka wake wa mwisho umekutana na maadhimisho haya wakati kirusi kingali katika misitu na kima wangali wakishuka mashambani. Chanjo inaweza kumlinda mtu, na tangu mwaka 2016 cheti chake kinatambuliwa mipakani kwa maisha yote ya mwenye nacho, lakini haiwezi kukiondoa kirusi vileleni, kwa hiyo ufuatiliaji hauna tarehe ya kufungwa. Kwa taasisi yenye umri wa miaka 90 wajibu ulio wazi ni wa aina mbili: kuendelea kuchukua sampuli hata katika miaka ambayo hakuna mlipuko na fedha za wafadhili zimehamia kwingine, na kuzihifadhi Entebbe kwenyewe kumbukumbu za kazi hiyo, pamoja na nakala za zile zilizoko ng'ambo, ili mtafiti wa Afrika Mashariki atakayezihitaji azipate bila kusafiri hadi New York au Glasgow.